Ubongo Niliochangia

Kabla ya gesi, sifa yangu mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa moja tu: ukinitafuta, utanipata. Wengine utaambiwa wako Mute shambani, wengine wamekwenda Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kufuata hati, wengine wamevuka mto Ruvuma kwa biashara. Mimi nilikuwa barazani kwangu, nyuma ya meza ya kutengenezea redio na simu, paneli ya sola juu ya bati, nyaya zimening'inia kila mahali kama matumbo ya mbuzi. Watu waliniletea simu kuchaji, wakaacha na habari zao. Ya nini nitoke? Dunia ilikuja yenyewe, tena ikiwa imeishiwa chaji.

Siyo kwamba sikujaribu. Pundanhar nilikwenda mara moja kwa ajili ya arusi, na njia ile ikanitikisa mpaka nikafika nimesahau anaolewa nani. Mke niliyemuoa alikuwa wa kisiwa cha Rongui. Nilimwahidi kwamba bahari ikitulia tutakwenda kuwasalimu wazazi wake. Bahari ilitulia mara nyingi. Mwishowe akaenda kuwasalimu peke yake, na huko akabaki.

Aliyenicheka waziwazi kwa mambo haya alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wa namna hiyo si hiari, unazaliwa nao. Mtani anaweza kukwambia mbele ya wakwe zako kwamba unanuka, na huna pa kushtaki. Na ukifa, yeye ndiye anayevaa nguo zako, akatembea kama wewe, akakohoa kama wewe, watu wacheke huku wanafuta machozi, wamlipe chochote, ndipo jeneza lipite.

"Nikifa mimi utapata tabu," alikuwa akiniambia. "Mimi mtu wa kutembea. Utachoka kabla hujafika mlangoni."

"Wewe hutapata tabu kwangu," nilimjibu. "Utakaa tu."

Basi, gesi ikaonekana huko chini ya bahari, na Palma ikajaa watu waliovaa fulana za kung'aa. Magari yakawa mengi kuliko njia. Jirani zangu wa kushoto walipangisha vyumba vyao kwa mafundi wa kutoka kusini, wao wenyewe wakahamia uani. Jirani wa kulia alipata kazi ya ulinzi, nikawa namwona akipita tu, amelala kwenye gari. Binamu yangu, ambaye Kireno alikijua shuleni na Kiswahili alikijua kwa ugomvi, alichukuliwa kuwa mkalimani wa mikutano. Mhandisi anasimama mbele ya wanakijiji, anaongea Kireno kirefu chenye maneno ya sheria, anamaliza. Binamu yangu anavuta pumzi, anasema, "Anasema subirini." Watu wanaangua kicheko. Kisha ndiyo anatafsiri sawasawa, neno kwa neno, maana kazi yake aliipenda.

Kila mkutano ukiisha alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha mteja, akanisimulia wote. Hivyo gesi yote mimi niliijua bila kuondoka barazani. Jirani waliokuwa wakikaa nami wote walikuwa wamekwenda kazini. Nilibaki na huyu mmoja.

Halafu ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Mwanzo ilikuwa herufi mbili tatu, kisha maneno mazima yakawa yanatoka kama yamelowa. Kwenye mkutano mmoja mtu akapaza sauti nyuma, "Mkalimani kalewa." Mtu asiyewahi kuonja hata tembo la mnazi. Siku hiyo alikuja kwangu, akakaa, hakusimulia kitu. Nikamtania kwamba Kireno kimemchubua ulimi. Akacheka. Alipotaka kushika glasi ya chai, ikamponyoka.

Aliyekuwa kwenye mkutano ule na hakumwona mlevi ni daktari wa hospitali yetu ya wilaya, binti mdogo aliyeletwa na serikali kutoka kusini kabisa. Sote tulimwita dotora. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo alikuwa na lugha ya kupunguziwa bei hata alipokuwa akikupa habari mbaya. Alimwambia binamu yangu atoe ulimi nje. Ulimi ukawa unatetemeka, vipande vidogo vidogo, kama maji yanayokaribia kuchemka. Akampima mikono, akamgonga magoti. Alimpeleka Pemba, akarudi, akampima tena.

Siku ya majibu binamu yangu alitaka niwepo. Dotora alituambia hivi: kuna seli za neva zinazobeba amri kutoka ubongoni mpaka kwenye misuli, na kwake zinakufa, pole pole. Akili haiguswi sana. Mikono, miguu, ulimi, mwisho kifua. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huo hakuna, si Palma wala pengine popote.

"Hata tukiongeza kidogo?" binamu yangu akamwuliza kwa ulimi wake mzito.

Dotora alichelewa kuelewa kwamba anataniwa. Alipoelewa alicheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka, na hapo ndipo nilimwona mtani wangu akikunja uso kwa mara ya kwanza. Hakupenda kuombwa radhi.

Ni yeye dotora aliyetuambia habari za picha. Walimu wake wa Afrika Kusini walikuwa wanapiga picha za ubongo wa watu wenye ugonjwa huu, wapate kujua kitu gani kinabadilika mle ndani. Alirudia zaidi ya mara moja kwamba haitamponya, haitampunguzia, ni utafiti tu, huenda ukawafaa wengine siku za mbele. Safari wangeigharimia wao. Na walihitaji, pamoja na mgonjwa, mtu mzima wa afya, wa umri uleule, wa kulinganisha naye.

Binamu yangu hakufikiri hata kidogo. Aliinyoosha kwangu ile mikono yake isiyonyooka. "Huyu," akasema. "Hajatumika."

Nilikataa. Nilieleza kwamba nina simu za watu. Nilieleza kwamba Pundanhar tu ilinishinda. Yeye akaniangalia, akasema taratibu ili kila neno lifike, "Nataka nimwone huyo mdudu kwa macho yangu. Na sitaki kwenda na mtu wa kunionea huruma."

Shangazi, mama yake, alimaliza maneno. "Nenda na ndugu yako. Simu hazifi."

Kwa hiyo mimi, ambaye sikuvuka maji ya Rongui, nilipanda ndege. Sitaeleza jinsi nilivyofanya ndani yake. Binamu yangu aliwaeleza wote alipokuwa bado na ulimi, na aliongeza chumvi kidogo tu.

Hospitali ile ilikuwa baridi kama ndani ya friji, na watu wake wapole kupita kiasi. Dotora alikuja nasi kututafsiria. Walinitoboa sindano mkononi, wakaniingizia dawa yenye mionzi kidogo, wakaeleza. Seli za ubongo, walisema, zinapokea ujumbe kupitia vipokezi, na vipokezi ni kama milango. Upo ujumbe unaosema fanya, na upo unaosema acha, tulia. Dawa ile inakwenda kukaa kwenye milango ya kutulia peke yake, na mashine inaiona inavyong'aa. Penye milango mingi picha inawaka, penye michache inafifia. Walitaka kujua kama kwa wagonjwa milango hiyo inapotea, seli zikabaki zinapigiwa kelele za fanya, fanya, bila wa kuzituliza.

Mashine yenyewe ni pete kubwa nyeupe. Unalala chali, kichwa kimebanwa, mikono ubavuni, unasukumwa ndani, na unatakiwa usijitikise kwa muda mrefu. Fundi wa mashine alikuwa kijana wa huko, na dotora alikuwa amemfundisha maneno mawili ya Kiswahili ili tusiogope, naye akayashika kombo. Kila baada ya kitambo sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti juu ya kichwa changu: "Usitikisiki, bwana." Nataka isemwe kwamba sikutikisika. Huenda ndiyo kazi pekee duniani niliyozaliwa nayo. Walilazimika kuniamsha mara moja tu, nilikuwa nimelala usingizi.

Binamu yangu alinitangulia. Alipotoka walimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akawa anatetemeka mapajani. Tuliachwa wawili kwenye chumba cha kungojea, maana waliotiwa ile dawa walitakiwa wakae mbali na wajawazito na watoto kwa muda. Hapo ndipo aliponiambia alichokuwa nacho moyoni. Alisema kifo amekwisha kukizoea, kila mtu atakufa, hata mimi, japo mimi sitagundua upesi. Kinachomtisha ni kitu kingine. Watu wameanza kushusha sauti wakimkaribia. Wanamwachia kiti. Juzi mtu aliyemdhihaki miaka yote alimwita mzee.

"Usije ukaniheshimu," akasema. "Hata nikinyamaza kabisa. Ukianza adabu, najua nimezikwa."

Nikamwambia hana cha kumheshimu. Akaridhika.

Walimu wale hawakutaka kuonyesha picha, walisema picha ya mtu mmoja haithibitishi kitu, mpaka zikusanywe nyingi. Lakini mgonjwa amesafiri kote kule kumwona mdudu wake, na dotora aliwabembeleza. Wakazifungua zote mbili kwenye kioo cha kompyuta, bega kwa bega. Yangu ilikuwa nyekundu na manjano, imewaka karibu pande zote. Yake ilifanana na yangu, isipokuwa utepe mmoja utosini, upande huu na upande huu, ambapo rangi ilikuwa imeshuka mpaka buluu. Ndiko amri za kutembea na kusema zinakotoka, dotora akasema. Haikuwa na sura ya mdudu. Ilikuwa kama nyumba ya jirani aliyehama, imebaki taa mbili tatu.

Binamu yangu aliitazama muda mrefu. Kisha akaigeukia yangu, akaelekeza kidole kwenye ule wekundu.

"Hiyo yote ya kutulia?"

Dotora akasema ndiyo.

"Basi sasa tunajua," akasema. "Uvivu wake umepigwa picha."

Tulirudi Palma, na huko tukakuta watu wamekwisha kuielewa safari yetu kwa namna yao. Hospitali yetu, mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake wanaitwa, mmoja analala kitanda cha pili, anatobolewa, anachangia. Kila nyumba inalijua hilo. Sasa mgonjwa wa ubongo amekwenda na ndugu wa damu, mzima, wa umri wake. Wote wawili wametobolewa, wote wawili wameingizwa mashine. Ungekuwa wewe ungesema nini? Wateja walikuja na simu zenye chaji kamili wapate kunitazama. Mmoja alinipa pole ya kujitolea. Mwingine alinihesabia chenji kwa sauti, pole pole, mara mbili, kama kwa mtoto.

Nilieleza. Nilieleza mpaka nikachora kwenye kibao cha kutengenezea redio. Binamu yangu ndiye aliyeniharibia. Kila aliyemwuliza kama amepata ubongo wangu, alimjibu kwa shida, "Kidogo. Tangu hapo sitamani kutoka."

Watu walicheka, isipokuwa shangazi. Yeye hakuwa anatania. Mwanawe aliposhindwa kusimama, shangazi alikuja barazani kwangu amejifunga kapulana yake nzuri, ile ya kwendea kwenye shughuli, akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Mwanangu," akasema, "ulitoa kidogo."

"Shangazi, sikutoa. Walipiga picha tu."

"Sikulaumu. Najua unahitaji wa kufanyia kazi. Lakini kazi yako ni ya kukaa. Rudi, utoe tena."

Nilimwambia yote niliyoambiwa, milango, rangi, utepe wa buluu. Alisikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza mtu wa serikali. Mwisho akasema yeye angetoa wake wote, ila wazee hawakuulizwa. Alipoondoka niliiacha redio niliyokuwa nimeifungua ikakaa vile vile, imefunguliwa, mpaka mwenyewe akaja kuidai.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekwenda kwake. Mtu asiyetoka akawa anatoka, kila alasiri, nyumba kadhaa tu, lakini kwangu ilikuwa Pundanhar. Wakati ule sauti yake ilikuwa imekwisha. Yalibaki macho: akitazama juu, ndiyo, akifumba, hapana. Nilimkalia karibu na kumtukana kama kawaida. Nilimwambia kwamba kwenye mikutano sasa wamepata mkalimani mwingine, kijana wa kutafsiri kila kitu, na watu wanalala. Nilimwambia kwamba shangazi anataka nikatoe ubongo tena, nikakataa, maana ule wa kwanza ulirudi wenyewe, ulisema huko kwake haukukuta pa kukaa.

Na alicheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka kifua kikakwama, hakuweza kuacha. Wajomba zake waliokuwa ukumbini waliingia wakaniambia nimwache mgonjwa apumzike, mambo ya utani yana wakati wake. Nilimwuliza dotora. Akasema ugonjwa huu una tabia hiyo, kicheko na kilio vinamjia mtu vyenyewe, pengine bila sababu, kwa kuwa kile cha kuvizuia kimelegea. Alisema hivyo kunipa moyo, nisijione nimemwumiza. Hakujua amenipokonya nini. Maisha yangu yote nilikuwa na mtu mmoja aliyecheka nikisema. Sasa alikuwa akicheka kuliko zamani, na sikujua tena ni nani anayecheka.

Siku moja nilimwuliza waziwazi. "Unacheka wewe, au ugonjwa?"

Akatazama juu. Ndiyo.

Nilikaa nikilitazama jibu lile. Mtu mwenye elimu ya sekondari, nimeuliza swali la mambo mawili kwa mtu mwenye ndiyo na hapana tu. Nikataka kulirekebisha, nikamwona ananitazama, na yale macho yalikuwa yananicheka. Sikurekebisha.

Zaidi ya hapo kazi yangu ilikuwa ngumu kuliko ninavyoweza kueleza. Kumtania mtu anayejibu ni starehe. Kumtania mtu asiyejibu ni kama kurusha mpira ukutani, na ukuta wenyewe unakonda. Nyumba ilijaa watu wenye heshima. Waliingia wamevua viatu mapema mno, wakasema kwa sauti za chini, wakamwita mzee. Kila walipomwita hivyo alinitafuta kwa macho. Nami nikamwambia ananuka.

Alikufa asubuhi, watu wakiwa makazini. Magari ya fulana za kung'aa yalikuwa yanapita nje kama siku nyingine, na baadhi ya waliokuwa ndani yake walishusha vioo.

Nilivaa fulana yake ya mikutanoni, ilinibana tumboni. Wajomba walikuwa wamesemezana kwamba kwa ugonjwa kama ule, safari hii utani upite pembeni. Jeneza lilikuwa mlangoni. Na mimi nilisimama pale nikiwa na fulana ya mtu, sina la kufanya, kwa sababu sikujua nimwigize yupi. Yule wa kutembea, miguu yangu ilimsahau. Yule wa mwisho, wa mikono iliyoning'inia, nisingeweza. Watu wakaanza kuona haya kwa niaba yangu. Mjomba mmoja akaniambia kwa upole, "Basi, mzee, tupishe." Mzee. Mimi.

Nikalala chini. Pale pale mlangoni, chali, mbele ya jeneza, miguu pamoja, mikono ubavuni, macho kwenye makuti ya dari. Sikutikisika. Nikasikia mtu akisema nimezimia, mwingine akisema ni huzuni, niletewe maji. Katika umati ule wote hakuna aliyejua ninamwigiza nani na alikuwa wapi, na yule mmoja aliyejua alikuwa amelala kama mimi, juu yangu kidogo, kwenye jeneza. Nikafikiri, hapa nimefanya upuuzi, nitaamkaje.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake, nzito kwa kulia, imekazwa iwe ya kigeni:

"Usitikisiki, bwana."

Alikuwa shangazi. Mwanawe alikuwa amemwigizia yule fundi, wakati bado ana ulimi, sijui mara ngapi. Akacheka mwenyewe, kicheko kibaya cha kukatika, na wanawake waliomzunguka wakacheka kwa kumfuata, bila kujua kinachochekwa. Akachukua kiatu chake akanirushia. Ndiyo malipo niliyopewa. Nikaamka, jeneza likapita.

Sasa nipo barazani kwangu. Kiti cha mteja nimekisogeza kwa ndani kisinyeshewe. Shangazi hupita mara moja moja, anakaa, ananiuliza kama ule uliobaki unanitosha. Namwambia unanitosha. Wengine huja na simu zao, husema shikamoo, huniita mzee, husubiri kwa adabu mpaka nimalize, hushukuru, huenda zao.